Luan Guizhi na Bibi wa Mlima

Luan Guizhi, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha Shibei, chini ya Mlima Taishan, mkoani Shandong. Alikuwa kitindamimba wa Mzee Luan Deshui, mchapaji wa picha za miungu.

Alisoma miaka minne tu. Baba yake alimtoa shuleni kwa kuwa mkono wake haukutetemeka alipotia nyuso rangi. Majiko mengi ya kijiji hiki yalibandikwa picha ya mungu wa jikoni, mwenye mashavu aliyoyapaka yeye. Lakini kipenzi chake alikuwa Bibi wa Mlima, mpaji wa watoto.

Aliolewa na Bian Shoutian, mchukuzi wa mawe mlimani, tarehe 2 Februari 1961. Binti yao, Qiuhe, alizaliwa mwaka 1965, baada ya mama kupanda ngazi zote hadi hekalu la Bibi mara tatu. Mwaka uliofuata serikali ilipiga marufuku miungu ya kale, na vibao vya kuchapia vilikusanywa vichomwe. Cha Bibi alikilaza kifudifudi, akakatia tambi juu yake. Mkaguzi alikula tambi zile, akaomba bakuli la pili, akaenda zake.

Tarehe 19 Oktoba 2004 Qiuhe alifariki kwa ajali ya gari. Jioni ile Guizhi aliigeuza picha ya Bibi ikatazama ukuta. Hata hivyo hakuacha kuwachapia wengine. Bi harusi mmoja aliiona ile iliyogeuzwa, akasita kununua yake.

“Mimi na yeye hatusemezani, mwanangu,” Guizhi alimwambia. “Wewe hujagombana naye. Chukua.”

Mapafu yalianza kumsumbua majira ya kuchipua ya mwaka huu, 2016. Mumewe alimuuliza kama aigeuze picha. Alikataa.

“Iache, Baba Qiuhe. Nikifika nitamuuliza ana kwa ana.”

Alifariki nyumbani tarehe 6 Novemba, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mkwe wake Teng Haibo, na mjukuu, Ruoxi. Wametangulia Qiuhe na kaka yake, aliyezaliwa Aprili 1962, akaishi siku tisa, akazikwa bila jina kama ilivyokuwa desturi. Siku mbili kabla ya kukata roho, Guizhi alimweleza mumewe kwamba jina alikuwa nalo miaka yote hiyo, akaomba lisomwe hapa, mbele ya watu. Mtoto aliitwa Chunsheng.

Mama na wanawe wapumzike kwa amani.