Ta Laurean Rwegoshora, Fundi wa Bi Haraka na Mume wa Valeria

Huyu tuliyemleta hapa leo, Ijumaa tarehe 23 Machi 2007, ni Laurean Rwegoshora, ambaye watu wa kwao walimwita Ta Laurean kwa heshima. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 huko Kanyigo, Bukoba, mtoto wa tatu wa Mzee Rwegoshora na Ma Kokugonza. Alitoka tumboni mkono mmoja umeshika kitovu, na mkunga akasema mtoto huyu akishika kitu hataachia. Mkunga hakukosea.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Kanyigo, kisha shule ya ufundi ya mapadre, akamaliza mwaka 1957 akijua tupa, jiriwa na mashine ya kukereza vyuma. Hesabu alijua, dini alijua, kuimba hakujua ingawa aliimba. Aliwahi kufungua kufuli la stoo ya padre kwa msumari. Hakutaka kuiba, alitaka kuona kufuli lina nini ndani. Akalifunga tena vizuri, na isingejulikana kama asingekwenda mwenyewe kumwambia padre kwamba kufuli lake ni bovu.

Mwaka 1958 alikwenda Nairobi, akaajiriwa karakana ya reli. Huko alikutana na Gurmit Singh, Singasinga mzaliwa wa Nairobi, ambaye yupo hapa leo, yule mwenye kilemba cha bluu. Walitumia jiriwa moja na birika moja la chai. Kiswahili chao kilikuwa cha karakana, ambacho mtu wa Bukoba akikisikia anaumwa masikio. Nati kwao ni "huyu". Bolti ni "yeye". Mashine ikigoma wanasema "amekataa", ikiwaka wanasema "amekubali". Jambo hili wasikilizaji walishike, maana ndilo lililoleta yote.

Tarehe 19 Desemba 1964, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Valeria Kemilembe katika parokia ya Kanyigo. Valeria alikuwa na wachumba wengine, na mmoja wao alikuwa na duka. Akamchukua fundi. Mwaka 1971 reli ilimpeleka fundi Uingereza kwa mafunzo, mafunzo yakaisha, yeye akabaki. Mkewe na watoto, Mutalemwa na Kokushubira, walimfuata mwaka 1973, wakakaa Peckham, fleti ya council, yaani ya manispaa, ghorofa ya tatu. Alitengeneza pampu za maji kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1991. Hapo ndipo Gurmit, aliyekuwa naye amehamia Uingereza na kufungua karakana ndogo Hounslow, alipompigia simu akamwambia, "Laurean, kuja. Iko kazi ya mikono yako."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Wateja wa Gurmit walikuwa watu wa kulenga shabaha kwa bunduki ndefu. Bunduki hizo hutegemezwa kwa miguu miwili ya chuma ili zisitikisike, na miguu hiyo hushikwa na kibanio kilichouma reli ndogo chini ya bunduki. Ukitaka kuitoa uweke kitu kingine, unatafuta bisibisi, unahangaika na skrubu huku vidole vimekufa baridi, na ukiirudisha haikai ilipokuwa. Laurean alitaka kibanio chenye kimkono pembeni. Ukikisukuma kwa kidole gumba kinaachia, ukirudisha kinauma reli pale pale, na hakichezi. Alikihangaikia miaka. Kwa kuwa sifa yake ni kutoka upesi, wale wawili wakakipa jina la Bi Haraka.

Mkewe hakuambiwa.

Tarehe 19 Desemba 1994 ndoa ilitimiza miaka thelathini. Valeria alipika ndizi kwa nyama, akatandika kitambaa cheupe mezani. Mumewe alikuja amechelewa, mikono ina mafuta ya mashine, uso unang'aa kuliko ulivyong'aa kanisani Kanyigo. Akasema, "Leo amekubali." Hakusema nani. Hakuuliza kitambaa ni cha nini. Akala ndizi, akalala.

Jumapili moja ya Januari Valeria alikuwa anapita koridoni, mumewe yuko kwenye simu. "Ndiyo, Gurmit. Mimi nikimshika haponyoki. Usimlazimishe bwana, mpake mafuta kidogo, ukimgusa tu anaachia. Bi Haraka anataka mtu mpole." Akacheka kicheko ambacho nyumbani kilikuwa hakijasikika siku nyingi.

Valeria alilipeleka neno hilo kwa Émilienne, Mkongomani wa Lubumbashi mwenye saluni mtaa wa Rye Lane, pale pale Peckham. Émilienne hakusimamisha kusuka.

"Mama Koku, weye ulale tu. Bwana yako iko na bibi ya pili kule Hounslow."

"Labda ni jina la utani la mtu wa kazini."

"Mtu wa kazini anapakwa mafuta? Jina yake unayo, mahali unajua. Unangojea nini? Wakualike?"

Valeria hakungoja kualikwa. Alivaa kitenge kipya na koti la kanisani, akapanda basi la 36 mpaka Vauxhall, na treni mpaka Hounslow. Gurmit ndiye aliyefungua mlango.

"Nataka kumwona Bi Haraka," Valeria alisema kabla ya salamu.

"Bi Haraka gani, Mama Koku? Hapa iko mingi."

"Wengi?"

"Boksi mzima. Moja mzuri sana jana Mzungu naenda naye nyumbani."

"Na mume wangu anajua?"

"Yeye ndiyo nafundisha sisi wote kushika."

Laurean alitokea nyuma ya mashine, miwani kwenye paji la uso. "Valeria? Nyumbani kuna msiba?"

"Bado. Unakuja."

Gurmit alikwenda rafuni akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Alikifungua juu ya meza. Kilikuwa chuma cheusi, hakizidi kiberiti kwa ukubwa, na kimkono kimelala ubavuni.

"Huyu hapa," alisema.

"Huyu?"

"Huyu."

Valeria alimgeukia mumewe. "Huyu ndiye aliyekubali siku ya ndoa yangu?"

Laurean alikichukua chuma kile, akakiweka kwenye kiganja cha mkewe. Rajesh, kijana wa karakana aliyekuwa akifunga mizigo, alitoka nje akacheke huko. Ndipo Laurean alipomwambia mkewe, "Sukuma hapa, kwa kidole gumba." Valeria alisukuma. Kikaachia, bila nguvu, kikalia tak. "Unaona? Nimempima kwa kidole chako. Nikasema akimtii Valeria, atamtii kila mtu."

Na ilikuwa kweli. Miezi ile yote Laurean alikuwa akimfuata mkewe jikoni na vyuma vidogo vidogo. "Mama Koku, bonyeza hapa. Ni kigumu?" Naye, mkono una kitunguu, alibonyeza akasema kigumu, au kimelegea mno, akidhani ni komeo la dirisha.

"Kwa hiyo kidole ni changu," Valeria alisema, "na jina ni lake."

Wapo walioomba habari hii isisomwe makaburini. Inasomwa.

Watu hudhani baada ya hapo wivu uliisha. Uishe vipi? Mwanamke wa kweli wa Hounslow angezeeka. Angenenepa, angegombana naye, angemchosha. Huyu hakuzeeka. Kila mwaka Laurean alimpunguza hapa, akamlainisha pale, akamfanya mwepesi zaidi. Kwenye misa padre akihubiri, kidole gumba cha Laurean kilikuwa kinasukuma hewa juu ya rozari, na mkewe aliyekaa pembeni alijua anayesukumwa ni nani. Akisifiwa Bi Haraka, Laurean aliinama kwa haya. Zikisifiwa ndizi za mkewe, alisema, "Ndiyo, ndizi." Hata hivyo kila tarehe 19 Desemba, kuanzia mwaka 1995, alirudi mapema akiwa amenawa, na kitambaa cheupe alikitandika yeye.

Mwaka 2004 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alisema ni Parkinson. Laurean alifanya kazi mpaka Aprili 2005, siku aliyoshindwa kushika tupa. Gurmit alimletea nyumbani Bi Haraka wa kwanza kabisa, yule wa Desemba 1994, akamweka kwenye meza ya kitanda. Laurean alimshika akajaribu kumsukuma, kidole kikakataa. Mkewe alimnyang'anya akasukuma yeye. Tak. Ikawa ndiyo kazi yao kila baada ya dawa. Mmoja anashika, mwingine anasukuma.

"Anakufahamu huyu," Laurean alisema.

"Mimi simfahamu."

Baadaye maneno nayo yalianza kumwacha. Alipoteza majina ya wajukuu, akapoteza Nairobi, akabaki anatazama. Mkewe alikuwa na hofu moja tu, kwamba jina la mwisho kinywani mwa mumewe halitakuwa Valeria.

Ijumaa tarehe 9 Machi 2007, asubuhi, Gurmit alikuwa amekuja kumwangalia, amekaa kwenye kiti karibu na kitanda. Valeria alikuwa jikoni anakoroga uji. Laurean, ambaye siku kadhaa alikuwa hajatamka neno, alisema, "Haraka."

Gurmit alimchukua Bi Haraka mezani akamweka kwenye kiganja cha rafiki yake. Kiganja hakikushika. Bi Haraka alianguka kwenye zulia. Valeria alifika, mwiko bado mkononi, akautupa, akatia mkono wake kwenye kiganja kile kile. Kikashika. Kilimshika hivyo mpaka roho ilipotoka.

Gurmit anasema mpaka leo kwamba rafiki yake alikuwa anamtaka Bi Haraka. Gurmit ni mtu mwema, na Kiswahili chake mmekisikia. Laurean alikuwa anamwita mkewe aje haraka, na mkewe alikuja.

Juzi Gurmit aliomba kibanio kile kiwekwe ndani ya jeneza. Ameombwa radhi, akakataliwa. Bi Haraka yuko kwenye mkoba wa mjane, zipu imefungwa, mahali anapochungwa. Kaburi hili limenunuliwa la watu wawili. Laurean analala chini, nafasi ya juu ina mwenyewe, na ya tatu hakuna.

Marehemu ameacha mjane, Valeria, mtoto wa kiume, Mutalemwa, binti, Kokushubira, wajukuu watano wanaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, dada yake Anatolia aliyeko Kanyigo, na rafiki yake Gurmit Singh.

Laurean, pumzika kwa amani na umngoje mkeo. Safari hii hakuna haraka.