Shule Isiyotembelewa: Maisha ya Mwalimu Xavery Damiani Tluway

Yamesomwa na dada yake nyumbani Bonga, Babati, Jumamosi tarehe 11 Juni 1988

Baba Padri, walimu, majirani wa Bonga, nanyi mliotoka Maisaka, Bagara na mbali zaidi, asanteni kwa kuja. Naitwa Kandida, wengi mnaniita Mama Damasi. Mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na ni mjumbe wa kamati ya Shule ya Msingi ya Mtoni, hiyo hapo ng'ambo ya kijito. Wazee wa ukoo walitaka wasifu huu usomwe na mtu aliyesoma kunizidi. Nimekataa. Ndugu yangu amegawanywa kwa watu wengi mno, na kipande hiki ni changu. Karatasi zimeadimika kama mnavyojua, kwa hiyo nakala ni hii moja tu. Basi sikilizeni.

Marehemu Mwalimu Xavery alizaliwa Dareda tarehe 3 Desemba 1940, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Xaveri, ndiyo maana baba yetu, Mzee Damiani Tluway, hakusumbuka kutafuta jina. Alikuwa kitinda mimba wa Mama Antonia na mtoto wa kiume pekee aliyepona. Mimi nilikuwa na miaka saba. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nalala ubavuni kwa mama. Baada ya siku hiyo nilihamishiwa upande wa ndama. Nikapewa na kazi ya kumbeba mgongoni, naye alikuwa mzito, na kila aliyepita njiani alimsifu mbebwa, si mbebaji.

Alianza darasa la kwanza shule ya misheni Dareda mwaka 1949 na kumaliza la nne mwaka 1952. Mimi nilikuwa nimeishia hapo hapo kwenye la nne, kwa sababu baba alisema msichana akijua kusoma Katekisimu inamtosha. Xavery alipofaulu, fahali akauzwa, naye akaenda shule ya kati Mbulu mwaka 1953 hadi 1956, kisha chuo cha ualimu cha misheni kule Moshi, akahitimu mwaka 1958. Siku alipoondoka kwenda Mbulu na sanduku la bati kichwani, roho iliniuma, nasema wazi. Lakini kila likizo alirudi na madaftari yake akataka kunifundisha yote aliyofundishwa. Nilijifunza huku nimenuna. Hata haya ninayosoma leo nimeyaandika kwa mwandiko alionifundisha yeye.

Alifundisha Dareda, Magugu na Gallapo. Mwaka 1969 alifanywa mwalimu mkuu wa Mtoni, huku Bonga, mwaka 1978 akawa mratibu wa elimu wa kata, na Babati ilipofanywa wilaya mwaka 1985 aliitwa ofisi ya elimu kushughulikia mipango ya shule. Nitarudi kwenye mipango hiyo, maana ndiyo iliyomchukua.

Tarehe 25 Julai 1964 alifunga ndoa na Katarina Margwe wa Dareda, wifi yangu huyu hapa. Sikumpenda haraka. Alikuja akajua siku ya kwanza tu kwamba Xavery hali maharage bila maziwa ya mgando pembeni, jambo nililodhani nalijua peke yangu. Mungu aliwajalia watoto wanne. Baadaye mimi na wifi tulipatana kwa sababu moja: wote wawili tulimkosa. Kila Jumamosi, baiskeli, na Xavery juu yake, anakwenda kwenye shule za watu. Nyumba yao ya Maisaka ilivuja upande wa jikoni tangu mvua za mwaka 1983, naye alijua urefu wa kila paa la shule wilayani. Katarina aliniambia mara nyingi kwamba ni afadhali mwanamke ujue mke mwenzio kwa jina kuliko kushindana na madarasa.

Sasa mipango. Mnakumbuka miaka ile, na kwa kweli bado hatujatoka. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa kujuana. Shuleni chaki hakuna, madaftari hakuna, watoto wanakaa chini, ubao unapakwa unga wa betri kuukuu uliochanganywa na majani, na mwalimu anaandika kwa udongo mweupe wa mlimani. Kila mwaka mipango mikubwa iliandikwa, ya madawati mangapi na vitabu vingapi vitaletwa. Xavery aliisoma yote. Alisema mpango unaotegemea vitu visivyokuwepo ni sala, na sala zina padri wake.

Akatafuta kitu ambacho Babati hakijawahi kuadimika. Akakipata. Wivu.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kila shule, mwalimu mkuu pamoja na kamati ya wazazi, ilichagua jambo moja tu kwa muhula. Jambo ambalo mikono yao wenyewe inaweza kulimaliza, bila kungoja lori. Vyoo, au shamba, au tangi la maji, au utoro. Mwisho wa muhula wazazi wa shule nyingine wanakwenda kwa miguu, wanazunguka, wanachungulia kila mahali, halafu wanasimama uwanjani na Xavery anawauliza: ni nani hapa ameona kitu akatamani kingekuwa chao? Wanyooshe mikono. Ikinyooshwa mingi, shule hiyo inakuwa shule ya kutembelewa. Muhula mzima wenzao wanakuja kujifunza hapo, na mbuzi anachinjwa. Muhula unaofuata inachaguliwa nyingine, na hao waliosifiwa wanaanza jambo jipya kama wote. Hakukuwa na shule iliyomaliza. Ukimaliza choo kuna paa, ukimaliza paa kuna kilicho chini ya paa. Aliogopa sana kusifu, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Niwape kisa kimoja mcheke kidogo, marehemu alikipenda. Mwaka 1986 Shule ya Kilimani ilichagua madawati. Siku ya wageni ikafika, tukaingia darasani, mabenchi yamejaa, marefu, yanang'aa. Tukakaa. Xavery akapapasa benchi alilokalia, akainuka polepole, akawasalimu wenyeji kwa sauti: "Tumsifu Yesu Kristo!" Darasa zima, wageni na wenyeji, tukaitika, "Milele, amina," kabla hatujajua tunacheka nini. Yalikuwa mabenchi ya parokia. Walisahau kwamba wageni wote ni waumini wa parokia hiyo hiyo, na kila mmoja anajua benchi lake la Jumapili kwa makalio. Xavery hakuwagombeza. Aliuliza kama kuna anayetamani, hakuna mkono uliopanda, akawaaga.

Basi hao Kilimani waliona haya, wakapasua mbao wenyewe, na muhula uliofuata walikuwa na madawati yao. Wakatembelewa. Mbuzi wao nilimla mimi pia, na hakuteremka vizuri.

Kwa sababu Mtoni hatukutembelewa. Muhula mmoja hatukutembelewa, wa pili hatukutembelewa, miaka ikapita. Kosa letu tulichagua vibaya, na aliyenishauri ni yeye. Nilimwendea mwaka 1985 nikamwuliza Mtoni tuanze na nini, akaniambia, "Dada, anzeni na kusoma. Kila mtoto wa darasa la tatu asome." Mimi nikaipeleka kwenye kamati, kamati ikakubali. Wazazi tulijipanga zamu za kukaa na watoto jioni, sisi wa la nne la zamani, na vitabu vilivyokatika majalada, na hata karatasi za kufungia vitumbua. Kazi ilikuwa kubwa. Lakini choo kinaonekana, ndugu zangu. Tangi linaonekana. Wageni walikuja Mtoni wakaona paa letu la nyasi na sakafu yetu ya vumbi, wakasimama uwanjani wakiangalia viatu vyao. Nikasema watoto wasome, mwalimu akaleta wawili, watu wakanong'ona kwamba hao wawili wamefundishwa kukariri. Mikono haikupanda.

Nilimwuliza Mwalimu Konstantini wa Kilimani, huyu aliyekaa hapo mbele, kwa nini hawakunyoosha. Akanijibu kwa upole, "Mama Damasi, kizuri chajiuza." Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Sikumchukia. Nilichukia madawati yake.

Nilimfuata na Xavery. Nikamwambia wewe ndiye mwenye mpango, sema neno moja tu, Mtoni itembelewe mara moja, hapo ulipofundisha, hapo alipo dada yako. Akakataa. Akasema akifanya hivyo watu watasema ni undugu, na watakuwa wamesema kweli. Nikaondoka bila kumwachia maziwa niliyomletea. Niliwaonea wivu Kilimani, niliwaonea wivu watu wa Bagara kwa tangi lao, na nilimwonea wivu hata huyo mbuzi aliyekuwa akizunguka shule za watu na kwetu hafiki. Ndugu yangu aliwapa ninyi nyote miguu yake, macho yake na Jumamosi zake. Mimi, niliyembeba, nilikuwa naomba siku moja tu.

Mwezi wa Novemba mwaka jana miguu ilianza kumvimba. Akaendelea kupanda baiskeli. Mwezi wa Februari figo zilisemwa kuwa zimechoka, akalazwa hospitali ya misheni, akatoka, akalazwa tena baada ya Pasaka. Dawa zilipatikana siku moja, zikakosekana mbili. Masista walimtunza vizuri, Mungu awalipe. Wiki ile ya mwisho nilimpelekea uji, nikamkuta amekaa akiegemea mto, uso umemvimba. Nikamwomba tena, sikuona haya. Nikamwambia, "Xavery, wewe unaondoka. Nipe basi." Alikunywa uji kidogo, akapumzika, akasema, "Dada, wakikupa watakuwa wamekuhurumia. Mimi sitaki wakuhurumie. Nataka waumie." Kisha akaniuliza kama watoto wa la tatu wa mwaka huu nao wanasoma. Nikamwambia wanasoma. Akasema, "Wote?" Nikamwambia wote. Alifumba macho, na ule uso uliovimba ukacheka.

Alifariki Jumatano tarehe 8 Juni 1988, saa kumi alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Sasa, Baba Padri, nivumilie, nakaribia mwisho. Jana kwenye matanga Mwalimu Konstantini alinijia na walimu wakuu wengine. Wakanipa pole, kisha wakasema wamekaa, wamekubaliana wote kwamba kwa heshima ya marehemu, muhula huu shule ya kutembelewa iwe Mtoni. Mbuzi wameshamtafuta. Nilisikia maneno niliyoyangoja miaka yote hiyo, tena kutoka kinywa kile kile. Nikawauliza, muhula huu mmeiona shule? Wakasema hapana, lakini ni kwa heshima ya marehemu.

Ndugu zangu, asanteni, lakini sipokei. Akiwa hai alininyima kwa sababu hamjaona. Akifa mnanipa bila kuona. Mpango wake hautaanza kufa leo, juu ya jeneza lake, tena kwa mkono wangu. Kama Mtoni ni ya kutamaniwa, mtaitamani. Kama si ya kutamaniwa, mleni mbuzi wenu Kilimani.

Watoto wa darasa la tatu wa Mtoni wamesimama pale upande wa migomba, wote, hata yule mwenye kikohozi. Sikuwapanga, na hakuna aliyeiona karatasi hii, maana wino wenyewe umekauka asubuhi ya leo. Majina ya waliobaki yako ukurasa huu wa mwisho, na mnajua majina ya ukoo wetu si ya kukariri. Sitayasoma mimi. Mwalimu Konstantini, inuka. Nenda ukachague mtoto mwenyewe. Usichague aliyevaa viatu, usichague anayekuangalia machoni. Chagua yule unayemtilia shaka kabisa, umlete hapa, umpe karatasi. Atakapomaliza, mnaotamani mtoto huyo angekuwa wa shule yenu, nyoosheni mikono. Mkikaa kimya, tutamzika ndugu yetu, tutakula makande, nami Jumatatu nitaanza tena.

Soma, mwanangu. Polepole, kwa sauti.

Marehemu ameacha mjane, Katarina Margwe. Ameacha watoto wanne: Theodori, Xaveria, Kasimiri na Antonia. Ameacha wakwe wawili, Herieli na Lukresia, na wajukuu watatu ambao hawajaanza shule. Ameacha dada mmoja, Kandida, na mpwa wake, Damasi. Ameacha walimu wenzake wa wilaya nzima ya Babati. Ameacha wanafunzi wake, na mimi ni mmoja wao.

Asante, mwanangu, rudi kwa wenzako. Mstari wa mwisho nausoma mwenyewe.

Xavery, pumzika kwa amani ambayo hatukukupa tulipokuwa nawe. Na wewe, Bwana, uliyempata kila siku, Jumamosi zikiwemo: Padri anisamehe, nakuonea wivu.