Kompyuta ya Kinyozi Kabla ya Jumatatu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Kinyozi, na asubuhi ile ya Alhamisi hata kahawa haikunyweka. Kompyuta yake ya gemu ilikuwa imekufa. Kila Ijumaa, miaka tisa sasa, alikuwa akiitumia kushindana mbio za magari na mdogo wake anayeishi mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Jumatatu mdogo wake angepasuliwa macho, na daktari hakumficha: huenda asione tena. Mdogo akaomba kitu kimoja tu, wacheze mara ya mwisho. Kinyozi alikuwa na vijisenti vyake. Aunde kompyuta kwa vipande, au anunue iliyokamilika? Kwa bahati mbaya, alituuliza sisi.

— Unda, alisema Fundi Waya, mtengeneza redio wa ng'ambo ya barabara. Prosesa, ule ubongo wake, unachagua mwenyewe, kadi ya picha tunatafuta ya mtumba iliyo nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani, na mtu ana siku nne?

Huyo alikuwa Waranti, mtunza stoo mstaafu, ambaye hata akinunua kiberiti hadai chenji kabla ya risiti.

— Nunua iliyokamilika, mdogo wangu. Unachomeka, unacheza. Ikigoma, unairudisha.

— Ikigoma Jumapili, duka limefungwa, atamrudishia nani? Hizo za dukani nje taa za rangi, ndani pawasapulai, kile kisanduku cha umeme, inayohema. Gemu ikikolea, inakufa na kila kitu.

— Na ile uliyomuundia mpiga picha, si ilitoa moshi?

Jambo hilo halitajwi kijiweni.

— Aliimwagia chai! Waya alifoka. Chai ya maziwa!

— Hata bila chai. Vipande vya kampuni tofauti havipatani, ni kama mawifi jiko moja. Ukizima taa vinaanza kupigana humo ndani.

— Afadhali vipigane! Dukani wanafunga feni za kukaushia nywele, nimeziona kwa macho yangu. Ndiyo maana wahenga walisema kibaya chajitembeza.

— Kompyuta itatembea na miguu ya nani?

Siku nyingine tungecheka. Kinyozi alikuwa amelikunja taulo mpaka likawa kamba.

— Jamani, nimeuliza kitu kimoja. Mdogo wangu ananisubiri, na nyie mnashindana.

Waya akasimama.

— Basi nenda na Waranti dukani. Mimi lawama siziwezi.

— Kaa, Waya. Ukiondoka wewe, nitamtegemea nani?

Kinyozi alimshika mkono. Waya akakaa, lakini akatugeuzia mgongo.

Hapo akafika dada mkubwa wa Kinyozi na mdogo wake, mshonaji, futi ya kupimia kitambaa bado shingoni. Alikuwa amesikia kelele tangu kwenye kona.

— Hamjambo?

— Hatujambo, dada.

Kinyozi akamweleza yote, vipande na risiti na feni. Dada akasikiliza mpaka mwisho.

— Kompyuta ya mdogo wetu ni mbovu?

— Hapana, dada. Ni nzima kabisa.

— Kwa nini basi msikae wawili mbele ya hiyo moja?

Waya alimtazama Waranti. Waranti akatazama ndani ya kikombe. Mimi nilijifanya nakohoa.

— Ana siku nne za kuona, dada aliendelea polepole, na wewe unataka zimwishie bila kuiona sura yako?

Kinyozi alivua aproni, akanikabidhi ufunguo wa duka, akashika njia ya stendi bila hata begi.

Ijumaa jioni picha iliingia kwenye simu ya dada, naye akaja kutuonyesha. Watu wazima wawili wamebanana kwenye kiti kimoja. Kinyozi ameikodolea macho barabara ya kwenye kioo cha kompyuta. Mdogo wake hatazami barabara. Anamtazama yeye.

Waranti aliishika ile simu muda mrefu, kisha akampa Waya. Waya akajifuta uso kwa kiganja.

— Jumatatu wanaanza kumpasua saa ngapi? aliuliza.

Hakuna aliyejua.