Mzee Theuri na Kabati la Vikombe vya Wageni

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Theuri Kinyua anastaafu baada ya kunyoosha viungo vya watoto hapa kituoni Wamagana kwa miaka thelathini na mitatu. Anaondoka na magoti mabovu kuliko ya wagonjwa wake, na bado anatuamuru sisi tuketi wima.

Alianza mwaka wa 1992 akiwa na mkeka mmoja na sauti moja. Sauti ndiyo imedumu. Watoto wenye mtindio wa ubongo aliwahesabia mazoezi moja hadi ishirini kama askari, nao wakajifunza kuanza kulia wakifika kumi na mbili. Nasema haya kwa upendo, Bwana ni shahidi.

Mwaka jana tuliletewa tableti nane za michezo. Ukiinua tableti unauona ua wetu uleule, ila katikati kuna kuku wa picha anayekimbia. Mtoto akimfuata, anajikuta amefanya mazoezi. Wageni walikata keki, wakapigwa picha na watoto, wakaondoka kabla ya mvua. Tuliziombea tableti zile mpaka betri zikaisha. Halafu Mzee Theuri, mwenye ufunguo, akazifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Na huku kwetu tunajua, kikombe cha mgeni mwenye nyumba hakinywei. Zilikaa humo miezi saba na karatasi zake, naye akitueleza ati kuku asiye na manyoya ni njia ya shetani. Ofisi ilimpa cheti cha utunzaji bora.

Aliyemwokoa mzee ni Mama Sophie. Binti yake ana miaka saba, na kwa miaka miwili alikuwa amekwama kwenye hatua nne. Siku moja wakati wa chai, mama alimwuliza mzee mbele yetu sote kama anangoja Sophie awe mgeni ndipo kabati lifunguliwe. Mzee alimeza mandazi bila kutafuna.

Kesho yake aliifunga tableti kwenye fremu ya kutembelea ya Sophie kwa mpira wa kufungia mitungi ya maziwa. Kuku akatoka mbio, Sophie akamfuata hatua kumi na moja, akimkaripia kwa Kikuyu. Mzee naye akajaribu, akagonga kichwa kwenye tangi la maji. Alisema alikuwa anakagua bomba. Tangu hapo Sophie amekuwa akifika hadi mtaro ulio mbele ya jikoni. Kuku huvuka, yeye hubaki upande wa huku akilia.

Mwezi huu ofisi ikabandika barua: mzee akiondoka, tableti zirudi kabatini zisichakae kabla ya wakaguzi wa Januari. Mzee hakubisha. Jumatatu alikabidhi ufunguo kwa heshima, ukapokelewa kwa sahihi mbili na muhuri. Meneja alipoenda kufunga kabati, akakuta halina mlango. Mlango uko nje, umelazwa juu ya mtaro na kupigwa misumari sita.

Jana Sophie alivuka.

Ofisi inaombwa iutunze ufunguo huo vizuri. Nawe Mzee Theuri, asante sana. Nenda ukakamue ng'ombe wako, usiwahesabie hadi ishirini, na Mungu akuongezee miaka yenye magoti mazuri. Vikombe vya wageni tumeviosha. Chai ya kukuaga tutainywea humo.