Filamu Isiyopigiwa Kofi

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti. Leo hatunong'oni. Tumempoteza mwandishi wetu, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Picha, na angetutimua studio kama tungeanza kulia kabla ya tarumbeta.

Alikuwa mwandishi. Narudia: mwandishi. Kamera aliiokota njiani tu. Kuandika alijifunzia kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, bendi ya jazi ikipiga, mguu wake ukigonga sakafu. Sentensi isiyochezeka aliitupa.

Sasa sikilizeni. Wenye kiwanda walitaka kuuvunja ukumbi ule. Wakasema haukuwahi kuwa ukumbi, eti ni ghala. Watu wamechumbiana mle, wamenuniana mle, wamecheza mpaka soli zikabanduka, halafu waambiwe walikuwa magunia? Mimi sijasahau. Na ninyi msisahau.

Baraza la mji likaitisha kikao. Bibi Picha akaamua kwenda na filamu: bendi ikipiga ukumbini, na katikati picha zake za zamani.

Enzi hizo picha ilinaswa na mashine yake, sauti na mashine yake. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mtu alisimama mbele ya kamera akagonganisha viganja, kofi moja. Baadaye kofi linaloonekana huunganishwa na kofi linalosikika. Kofi moja tu. Bendi ikaanza, jazi ikapanda, na Bibi Picha akalisahau. Alikuwa anacheza.

Binti yake anasimulia kwamba mezani pa kuunganishia filamu ilikuwa kichekesho na msiba. Mwimbaji amefunga mdomo, wimbo unaendelea. Na kikao ni kesho. "Mama alijua wakili wao angesema tumeghushi," anasema binti. "Ukumbi ungekwenda hivyo hivyo."

Akapita shemeji wa Bibi Picha, mume wa dada yake, mpiga ngoma wa bendi. Akatazama, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akamwambia: "Shemeji, unahangaikia kofi moja, na mimi nimekupigia elfu? Nitazame mikono."

Akamchokoza kwamba miaka yote picha ni za waimbaji, yeye anaachwa nyuma ya nguzo kama ufagio. Bibi Picha akamwambia anyamaze, ila macho tayari yalikuwa kwenye fimbo. Fimbo ikishuka, ngoma inalia. Akaunganisha pigo la kwanza. Tarumbeta ikarudi mdomoni mwa mwenyewe!

Kesho yake barazani, filamu ikawashwa mbele ya wakili. Bendi ilipiga, madiwani wakaanza kutikisa mabega. Ikaja picha ya zamani: meneja wa kiwanda, yule yule aliyeapa ni ghala, shati wazi, jasho linamtiririka, amemshika mfumaji kiuno. Sauti ya Bibi Picha ikasoma maandishi yake, taratibu: "Hapa bwana meneja anakagua magunia."

Baraza lilivunjika mbavu. Ukumbi haukuvunjika. Umesimama hadi leo, na ndimo tutakamomuaga, bendi ikiwa kamili.

Kwa binti, kwa shemeji, kwa ndugu wote na wanamuziki: poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kaeni na swali hili. Siku wakija wenye suti kukuambia kwamba maisha yako hayakutokea, utawaonyesha nini?