Shikamoo Katika Hatua ya Tatu

Kijiwe chetu cha Nyakahura kiko nyuma ya duka la nafaka, mahali ambapo malori ya mahindi ya wakimbizi hupumzika kabla ya kuelekea Ngara. Kina benchi mbili, jiko la kahawa la Swabaha na, tangu mwezi wa sita mwaka huu wa 1995, kina uwanja wa bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe juu ya mbao ili liangushe vigingi. Fundi seremala Evaristi, tunayemwita Randa, aliwajengea watu wa misaada uwanja kama huo kule Ngara, akarudi na vipimo kichwani. Mbao kazipiga randa mwenyewe, vigingi kumi kavichonga mwenyewe, na tufe pia, la mninga. Hakuna uwanja mwingine kutoka hapa hadi Biharamulo mjini. Jumapili iliyopita tulicheza na madereva wa malori. Yunusu, fundi cherehani, alishika tufe la mwisho. Akiangusha vigingi vinne tu, tumeshinda. Alipofika hatua ya tatu, bibi Petronila akapita na mkungu wa ndizi kichwani. Yunusu akakunja goti: “Shikamoo, bibi.” Tufe likaenda mtaroni, kando ya mbao, tukashindwa. Kesho madereva wanarudi, na benchi imekaa kuamua kama Yunusu atarusha tena.

Alianza Hasani, ambaye kwa kushika kanuni tumempa jina la Sheria.

HASANI: Kanuni ya kwanza, viatu nje ya mbao. Ya pili, tufe likishikwa, midomo inafungwa. Ya tatu, mstari haukanyagwi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu hapa ni mstari.

YUNUSU: Sikuukanyaga.

HASANI: Ulifungua mdomo.

YUNUSU: Wanaofunga mdomo ni watazamaji. Mimi nilikuwa mrushaji.

RANDA: Mdomo hauna kosa, Sheria. Kosa ni goti. Hatua nne, mkono unaning'inia kama ndoo ya kisimani, kidole gumba kinatoka kwanza, macho kwenye misumari niliyopigilia mbaoni iwe alama, si kwenye vigingi. Goti linakunjwa hatua ya nne. Yeye kalikunja ya tatu.

YUNUSU: Nililikunja kwa heshima.

RANDA: Ungemheshimu hatua moja baadaye, vyote kumi vingelala.

Bulugu, dalali wa ng'ombe, alikuwa na lake.

BULUGU: Bibi alitumwa. Madereva wale wanamjua kila mwanamke mzee kutoka hapa hadi kambi ya Benaco.

SWABAHA: Bibi anauza ndizi hapa tangu hamjajua tufe ni nini.

BULUGU: Basi wamemsoma ratiba. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wamekuja, nani kapona?

HASANI: Tuweke mtu barabarani. Kazi yake kuwaamkia wazee kwa niaba ya timu. Shikamoo za watu sita kwa mkupuo mmoja.

RANDA: Na marahaba zetu?

HASANI: Anatutunzia mpaka mchezo uishe.

BULUGU: Mnajisumbua. Mtendaji atoe tangazo, kila aliyepita miaka hamsini kesho azungukie porini.

SWABAHA: Mama yako ana sitini na tano, Bulugu. Kamwambie kwanza yeye.

Bulugu akanywa kahawa yake.

YUNUSU: Niondoeni, ndugu zangu. Ila msiseme nilikosea. Kesho nikishika tufe na mzee akapita, nitamwamkia.

RANDA: Hata kama ni tufe la mwisho?

YUNUSU: Hata.

HASANI: Mmemsikia wenyewe. Wanaotaka atoke, mikono juu.

Mkono wa Hasani ulikuwa juu na wa Bulugu umefika nusu njia, bibi Petronila alipotua mkungu wake kando ya benchi. Yunusu akamwamkia. Nasi tukafuata, kwa sauti moja.

PETRONILA: Marahaba. Mikono hiyo ya nini?

Swabaha akamweleza yote, kuanzia tufe la mtaroni hadi kura. Bibi alisikiliza huku akipanga ndizi zake.

PETRONILA: Jumapili mlikuwa wangapi hapa?

HASANI: Timu watu sita, bibi. Na watazamaji kama arobaini.

PETRONILA: Huyu alikuwa na kazi mkononi, akaniamkia. Nyie wengine mlikuwa mmeshika nini?

Hasani akashusha mkono. Randa akaenda kulifuta tufe vumbi, akalileta, akamwekea Yunusu mapajani.