Jina la Kupandia Jukwaa: Maisha ya Fundi Séraphin Mutonkole (1961–2025)

Jamaa, majirani wa Kikula, nanyi mafundi mliosimama pale nyuma: ninayewasomea ni Carine, kifungua mimba wa marehemu. Angekuwa hai, kwanza angetikisa nguzo za turubai hili, ndipo awaruhusu mkae.

Séraphin Mutonkole alizaliwa Kambove tarehe 14 Machi 1961, baba yake mchimba shaba, mama yake muuza mihogo. Bertin, mdogo wake, alizaliwa miaka mitano baadaye, na tangu alipojua kutembea hakubanduka kwa kaka yake. Shule ya msingi marehemu aliisoma huko huko. Mwaka 1976 alikuja Likasi kusomea uashi, akahitimu 1980. Hesabu alizimudu, na Kifaransa walivumiliana tu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukarabati nyumba za wafanyakazi kule Shituru. Siku hizo hakuwa mtu mnayemjua. Mama yetu, Clotilde, alimwona mara ya kwanza juu ya paa, anatembea ukingoni bila kushika kitu, anapiga mluzi, na yote hayo kwa sababu alishamwona binti akipita na ndoo. "Nilimupenda mupumbafu wa paa," Mama husema mpaka leo. Walifunga ndoa parokiani Kikula tarehe 23 Agosti 1986.

Bertin naye akawa fundi, chini ya kaka yake. Tarehe 9 Juni 1994 walikuwa wakijenga duka la ghorofa hapa Kikula, juu ya jukwaa la miti na kamba. Kila mmoja alidhani mwenzake amekaza kamba ya kona. Ndivyo kazi zetu zilivyokuwa: kofia ngumu zilifungiwa stoo zikisubiri siku ya wageni, na aliyekagua mafundo aliitwa mwoga. Bertin alianguka, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Kwenye kilio, bibi yetu alikuwa bado amefunika chakula cha Bertin kwa sahani. "Batu bote ba ku kazi balimuona iko napanda," alisema. "Hakuna mwenye alimwambia: mama iko nakungoja."

Baba hakumaliza kamwe kumlilia mdogo wake. Tangu siku aliporudi kazini, hakuna aliyepanda jukwaa lake kabla halijatikiswa, kamba zikakazwa, na kila mtu akajibu swali moja: "Ni nani iko nakungoja ku nyumba?" Unataja jina la anayekungoja nyumbani, kwa sauti, wote wasikie, ndipo unapanda. Asiye na jina alibaki chini akichanganya saruji. Walimcheka sana. Wengine walimwambia Mungu ndiye mlinzi. "Mungu iko nachunga, c'est bien, ni muzuri," aliwajibu, "lakini kamba, ni weye njo unafunga."

Ricky, fundi aliyetoka Kasai peke yake, alikosa jina la kutaja. Baba akamwambia, "Sema Mama Clotilde." Jioni ile alimleta nyumbani ale, ili jina lisiwe la uongo, na Ricky anakula kwetu mpaka leo, tena hashibi. Baba naye aliulizwa kila asubuhi, na jibu lake halikubadilika: "Clotilde." Kuna waliovunjika mkono, sitadanganya mbele ya jeneza. Lakini baada ya Bertin hakuna aliyekufa kwenye jukwaa lake.

Aliogopa mahali pa juu; vumbi hakuliogopa. Mifuko mitupu ya saruji aliikung'uta mwenyewe, pua wazi, akisema hakuna anayeanguka kutoka kwenye mfuko. Mwaka 2022 kikohozi kikamshika, madaktari wakasema mapafu yamechakaa. Januari mwaka huu alilazwa. Kila asubuhi Mama alimuuliza kwa utani, "Ni nani iko nakungoja ku nyumba?" Naye alitabasamu: "Weye." Tukaanza kuamini kwamba atarudi.

Asubuhi ya tarehe 2 Februari 2025, Mama aliuliza kama kawaida. Baba akajibu, "Bertin."

Mama alikasirika. Anasema alimwonea wivu shemeji yake aliyekufa zamani. Kisha akamrekebishia blanketi, akamshika mkono, na Baba akafariki kabla ya adhuhuri.

Ameacha mjane, Mama Clotilde, watoto watatu (Carine, Benoît na Mamie), dada yake Alphonsine, wajukuu, na Ricky, ambaye hatumtengi na watoto wa nyumba.

Jana niliwapelekea maji waliokuwa wakichimba kaburi hili. Ricky alikuwa amesimama ukingoni, mguu mmoja juu ya ngazi, hashuki. Niliona anangoja. Wenzake walitazama chini, maana aliyezoea kuuliza ndiye tunayemzika. Ikabidi niulize mimi: "Ni nani iko nakungoja ku nyumba?" "Mama Clotilde," akajibu, akashuka.

Pumzika kwa amani, Baba, wewe na Bertin wako. Chakula chako, Mama bado anakifunika kwa sahani.